Kimya cha Sekunde Nne Katika "Tokeni Nje"

Wasikilizaji wapendwa, leo msinitumie salamu. Salamu zenu nitazisoma Jumapili nyingine, hata za yule jamaa wa Turbo ambaye husalimia ng'ombe wake kwa majina. Leo saa nzima ni ya mtu mmoja. Tena kabla saa hii haijaisha nina neno la kusema juu yangu mimi mwenyewe, Ephantus Waweru, na ninaliogopa. Nimeliogopa zaidi ya miaka thelathini. Mkiniona nazunguka zunguka, mjue ni hilo.

Kuna wimbo ambao huwa naupiga hapa. Mnaujua. Unaitwa "Tokeni Nje". Ni muziki wa mashine, wa disko, wa mwaka wa tisini, uliotengenezwa hapa hapa Eldoret, mtaa wa Langas. Katikati ya wimbo huo kuna kimya. Ngoma inakatika, kinanda kinakatika, sekunde nne nzima, halafu kijana mmoja anaingia kwa kurap. Na kila tukiupiga, simu zinaanza. "Studio, mmepotea hewani!" "Mzee Ephantus, stima imeenda?" Mama mmoja wa Kapsoya aliniambia amezaba redio yake kofi mpaka betri zikaruka. Na mimi huwa nacheka, nasema kanda ni ya zamani, imekwaruzika.

Nilikuwa nadanganya. Kanda ni nzima kabisa.

Mwenye kile kimya amefariki. Ni Mama Simeon wa Langas. Jina lake la ubatizo ni Loise Wacera. Amefariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka themanini na mbili, kitandani mwake, mchana, baada ya kunywa uji. Mama Simeon, yule wa duka la mabati ya kijani, yule aliyekuwa akifuma sweta za shule. Yule ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda kwenye kifundo. Wengi mnadhani alianguka akiteka maji. Hakuanguka.

Mama Simeon alikuja Eldoret miaka ya sabini kutoka upande wa Nyeri, na mume wake, na mtoto mmoja mgongoni. Mume akafariki mapema. Akabaki na duka na yule mtoto, Simeon Gathogo. Mimi nilifika Langas mwaka wa themanini na saba kufanya kazi kwa mashine ya kusaga unga ya Macharia. Sikuwa na mtu. Baridi ya Eldoret mnaijua, ile ya Julai. Siku ya tatu Mama Simeon akaniita dukani, akanipima mabega kwa kamba, akaniambia, "Wewe utakufa na mimi nikikuangalia? Rudi Ijumaa." Ijumaa nikavaa sweta. Ya kijani, na mstari wa almasi nyeupe kifuani. Hakuna mwingine Langas alikuwa na sweta kama hiyo. Kumbukeni hiyo sweta, wasikilizaji.

Nilimpenda yule mama. Nasema wazi. Angeniambia nibebe jiwe la kusagia kutoka Langas mpaka Moi's Bridge, ningebeba.

Sasa Simeon. Simeon alikuwa fundi wa redio na televisheni, na kanisani ndiye alikuwa akipiga kinanda. Siku moja alienda Elgon View kutengeneza televisheni ya daktari mmoja aliyekuwa anahama, akarudi na kinanda kidogo cha umeme. Kilikuwa na kidude cha kunasa sauti. Ukibweka, kinabweka. Ukipiga chafya, unabonyeza kitufe, kinapiga chafya, nene, nyembamba, unavyotaka. Tulicheka mpaka tukalia. Akaongeza mashine ya ngoma, akaanza kutengeneza muziki wake. Muziki ambao Eldoret haikuwa imesikia.

Lakini kwanza niwaeleze nduru. Vijana wa siku hizi mna simu. Sisi tulikuwa na nduru. Ni yowe, lakini si kila yowe. Ni lile yowe la mama anapoona hatari, linapanda juu halafu linatetemeka. Ukilisikia, unaacha ulichoshika na unakimbia huko. Huulizi. Asiyetoka, kesho yake hakuna atakayemuamkua. Na mwaka huo wa tisini wezi walikuwa wametusumbua sana Langas. Walikuwa wamemkata panga muuza maziwa, wamemvunja miguu mlinzi. Watu walilala na rungu. Watu walikula na rungu.

Na nduru ya Mama Simeon ilijulikana. Mwezi wa Aprili alipata bafe amejikunja ndani ya banda la kuku. Akapiga nduru. Kabla hajameza mate tulikuwa tumefika kama watu arobaini, tukampiga yule nyoka mpaka hungeweza kujua kichwa ni kipi na mkia ni upi. Mimi nilimpiga akiwa ameshakufa. Nilimpiga tu kwa sababu wengine walikuwa wanapiga.

Siku hiyo Simeon alikuwa chumba cha nyuma, kaseti inazunguka, anarekodi nyimbo za kwaya. Nduru ikaingia kwenye kaseti, safi. Jioni akaiweka kwenye kile kinanda, akambonyezea mama yake asikie sauti yake mwenyewe. Simeon mwenyewe aliniambia jana maneno ya mama. Alisema, "Futa hiyo kitu. Nduru haichezewi. Ukiwazoeza watu nayo, siku nitaitaka kweli hawatakuja."

"Nikamwambia nimefuta," Simeon aliniambia. "Mzee, sikufuta. Ilikuwa sauti nzuri sana."

"Sikufuta." Hapo ndipo mambo yalipoanzia, wasikilizaji.

Wimbo ulihitaji rapa. Simeon akampata Fanuel Kituyi. Fanuel alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, anaishi chumba cha kupanga kule Kesses, kwao ni Moi's Bridge. Mtoto wa Mama Nasambu, mjane, mkulima wa mahindi. Fanuel alikuwa mrefu, mwembamba, na kovu juu ya jicho. Kovu alilipata mwaka huo, wakati wanafunzi waligoma na askari wakaingia vyumbani kwa marungu. Waliwatoa chini ya vitanda. Mwenzake alitolewa kupitia dirisha, na dirisha lilikuwa na vioo. Chuo kikafungwa. Kila mwanafunzi akaamriwa arudi kwao na kupiga ripoti kwa chifu kila wiki. Fanuel aliripoti kwa wiki mbili, halafu akapanda lori la mahindi akaja kwa Simeon kurekodi.

Alichoandika kuhusu usiku ule wa askari mnakijua, mnakiimba kwenye harusi bila kujua kinasema nini:

"Walivunja mlango, hawakuvunja shingo,
Walichukua vitabu, wakaacha maringo,
Nikikimbia leo si woga, ni mdundo,
Nifuateni mtaani, tokeni kwa kishindo."

Na baada ya kiitikio, kabla Fanuel hajaingia, Simeon aliweka ile nduru. Sekunde nne. Mara tatu mfululizo, ikipanda.

Wakataka video. Wakati huo video ilikuwa ya harusi na ya wakubwa. Wakamwita Oketch, mpiga picha za harusi, mwenye kamera ya begani. Na ilikuwa lazima wawe na kibali. Enzi hizo za chama kimoja, mkikusanyika bila karatasi ya serikali mnaingia ndani, hata kama mnakusanyika kucheka. Lakini wangeombaje kibali, na rapa wao ni mwanafunzi anayetakiwa awe kwa chifu wake? Basi wakanyamaza. Hawakumwambia mtu. Si Macharia, si mimi, si mzee wa kanisa ambaye spika zake walichukua. Hata Mama Simeon hakuambiwa, kwa sababu Simeon aliogopa kuulizwa juu ya nduru.

Nataka mlielewe hilo. Mtaa mzima haukujua. Kama wangeambia hata mtu mmoja tu pale kwa mashine ya unga, leo ningekuwa nawasomea salamu.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Septemba, saa tano asubuhi. Jua kali. Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba za mabati. Wachezaji sita wako uwanjani wanangoja zamu yao. Fanuel ana kipande chake: atatoka mbio ndani ya kichochoro cha mabati, amebeba redio kaseti begani, anakimbia kuelekea kwa kamera, na akitoka tu uwanjani wachezaji wanaanza. Oketch yuko upande huu na kamera. Simeon yuko nyuma ya ukuta na kinanda na spika, haoni kichochoro. Kazi yake ni kubonyeza nduru na kuendelea kubonyeza mpaka amwone Fanuel ametoka.

Zile spika zilikuwa za kanisa, zile za pembe zinazowekwa juu ya mti. Fundi yeyote atakwambia: pembe haibebi ngoma. Mdundo unafia pale pale. Kile chembamba, kile kikali, ndicho kinaenda mbali. Sisi kwa mashine ya unga, na injini inanguruma, hatukusikia muziki wowote. Tulisikia Mama Simeon akilia.

Mara ya kwanza Macharia akasema, "Umesikia?" Mara ya pili akazima injini. Walikuwa wanarudia, wasikilizaji. Oketch alisema picha ya kwanza ilikuwa na kivuli. Wakarudia. Redio ikamtoka Fanuel begani. Wakarudia. Na kila wakirudia, ni nduru ya Mama Simeon mara tatu, na kila mara inapanda, na ni yeye, si mwingine, ni ile sauti ya siku ya bafe. Injini ilipozimwa tukaisikia kama iko mlangoni. Macharia akachukua rungu. Mimi nikang'oa mpini wa jembe.

Tulikimbia watu kumi na watano kutoka upande wetu. Kwenye kichochoro tukaona nini? Kijana hatumjui. Ana kovu usoni. Amebeba redio. Anakimbia. Na nyuma yake mama yetu analia.

Hakuna aliyeuliza.

Macharia ndiye wa kwanza kumpiga, gotini. Alianguka na redio ikapasuka. Akainua mkono akasema, "Ni video! Ni video! Muulizeni Simeon!" Alisema kwa Kiswahili kizuri, kwa sauti kubwa, tulisikia wote. Muulizeni Simeon. Na Simeon alikuwa hatua thelathini kutoka pale, nyuma ya ukuta, anabonyeza kitufe. Nduru haikuwa inaacha. Kila tukitaka kupumua, ilikuwa inatuita tena. Tulimpiga mbavuni, tukampiga mgongoni. Mtu alimpiga na jiwe la kufungia mlango. Alijaribu kutambaa chini ya mabati, wakamvuta kwa mguu, na bati likamchana paja mpaka mfupa ukaonekana.

Oketch alikuwa anatazama ndani ya kamera. Kabla hajaondoka Eldoret kurudi kwao alituambia hivi: "Nilifikiri Simeon ameleta waigizaji. Nikasema hawa watu wanajua kazi." Hakuzima kamera, na wale wachezaji nao wakaendelea kungoja zamu yao. Hata alipoelewa hakuishusha begani.

Na Mama Simeon? Mama alikuwa dukani na sindano zake za kufuma. Akasikia sauti yake mwenyewe inalia nje. Aliwaambia watu baadaye kwamba alijishika koo, kuona kama ni yeye. Halafu akajua. Akakimbia, na viatu akaacha. Alipofika kichochoroni akaona damu, akaona kijana si mwizi, ni yule rafiki wa Simeon aliyekunywa chai kwake asubuhi. Akafanya kitu ambacho mama yeyote wa kwetu angefanya akitaka kuokoa mtu.

Alipiga nduru.

Na wakaja wengine. Wale ambao walikuwa wanasitasita majumbani sasa walitoka wote, wa juu na wa chini, na mapanga. Alilia tuache, na kila alivyolia walikuja zaidi. Mjukuu wake Warigia ameniruhusu niseme maneno haya ya cucu wake: "Nilimwambia Simeon kwamba siku nitaitaka hawatakuja. Kumbe ubaya ni kwamba walikuja."

Mama akaacha kulia. Akafunga mdomo wake kwa mkono mmoja, akapita katikati ya miguu yetu, akamlalia yule kijana. Hapo ndipo watu walisimama, na nyuma ya ukuta nduru ikakatika. Fanuel Kituyi alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alifia pale, kichwa chake kikiwa kwenye aproni ya Mama Simeon, kabla ya saa sita.

Nisubirini kidogo, wasikilizaji wapendwa. Ninywe maji.

Askari walikuja jioni. Wakaandika: mwizi wa redio ameuawa na wananchi wenye hasira. Simeon akaenda kusema redio ni yake na kijana hakuwa mwizi. Wakamuuliza, "Nani aliwapa kibali cha kukusanyika? Na mwanafunzi alikuwa anafanya nini kwako?" Simeon alikaa ndani wiki mbili na nusu. Alirudi bila meno mawili ya mbele, na kinanda chake walikipiga buti mbele yake. Walitaka ile kanda ya video waone wanafunzi wachochezi. Walitoboa magunia ya unga dukani kwa visu vya bunduki, wakavunja kitanda. Kanda ilikuwa ndani ya mfuko wa sufu, nyuzi zake za kufumia. Mama Simeon alikuwa ameukalia, anafuma. Au alijifanya anafuma, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa tayari umevunjika.

Kwa hivyo karatasi ya serikali ilisema Fanuel ni mwizi. Na karatasi hiyo ndiyo iliyopelekwa Moi's Bridge kwa Mama Nasambu pamoja na mwili. Mtoto wake wa kwanza, msomi wa kwanza wa boma lile, amezikwa kama mwizi. Wazee walikataa azikwe karibu na baba yake. Hilo ndilo Mama Simeon hakuweza kulala nalo.

Alifanya nini? Alimwita Oketch, alete televisheni na mashine ya video kwenye chumba cha nyuma cha duka. Halafu akaanza kuita watu. Mmoja mmoja. Mchana, saa za kazi, ili kila mtu aone nani ameitwa. Macharia ndiye alikuwa wa kwanza. Macharia bado yuko hai, anasikiliza, na amesema nitumie jina lake.

"Alinipa kiti," Macharia anasema. "Akanipa chai, akafunga mlango. Akaweka video. Ikafika pale ninainua rungu, akaisimamisha. Picha ikasimama hivyo, inatetemeka. Akaniuliza, Huyu ni nani? Nikasema, ni mimi, Mama. Akasema, Kunywa chai. Sikuweza. Hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Aliwaita kumi na wanne. Baada ya Krismasi akawapandisha lori la mahindi la Macharia, akaenda nao Moi's Bridge. Wakasimama uani kwa Mama Nasambu, mbele ya wazee wa pale, na kila mtu akasema kwa mdomo wake: mtoto wako hakuwa mwizi, mimi nilimpiga. Wale kumi na wanne walidhani watauawa. Panga zilikuwepo, tayari zimenolewa. Mama Nasambu akawauliza kitu kimoja tu: "Alisema nini?"

Macharia akasema, "Alisema, muulizeni Simeon."

Nekoye, dada yake Fanuel, alikuwa msichana wa miaka kumi na sita wakati huo. Ananiambia mama yake aliingia ndani, akakaa sana, akatoka na jembe. Akasema, "Yeye ndiye alikuwa ananilimia. Sasa mtalima nyinyi." Akagawa shamba lake la chini mafungu kumi na tano. Kwa sababu Mama Simeon alikuwa amemwambia ukweli: kwenye kanda waliompiga ni kumi na watano. Huyu mmoja hajaja. Mama Nasambu akasema fungu la kumi na tano lisiguswe na mtu. Na Fanuel akahamishwa, akazikwa upya ubavuni mwa baba yake. Wale kumi na wanne ndio walichimba.

Tangu mwaka huo, kila msimu, kupanda, palizi, kuvuna, wale watu wameenda. Wengine wamekufa, wanaenda watoto wao. Hata mwaka wa tisini na mbili wa mapigano ya kikabila, hata ile miaka mingine mibaya ambayo mnaijua, barabara zikiwa na moto, walipita kwa njia za panya wakaenda kupalilia.

Siku ile ya kwanza Mama Nasambu aliomba pia asikie sauti ya mtoto wake. Simeon akaweka kaseti. Nduru ilipofika, Mama Simeon aliziba masikio akaanguka magotini. Mama Nasambu akasema, "Hiyo toeni. Kijana wangu mwacheni aimbe." Simeon akaitoa. Alitaka kuunganisha, ngoma iendelee, watu wasigundue. Mama yake akakataa. Akasema, "Usiunganishe. Pabaki wazi."

Hicho ndicho kile kimya. Sekunde nne. Na Mama Simeon hakupiga nduru tena maishani mwake. Duka lake lilivunjwa mara mbili, akakaa kimya, wezi wakabeba wanavyotaka. Hakufuma sweta nyingine pia.

Sasa nimefika, wasikilizaji. Siwezi kuzunguka zaidi.

Wa kumi na tano ni mimi.

Kwenye ile video uso wangu hauonekani. Nimeinama. Kinachoonekana ni sweta ya kijani na mstari wa almasi nyeupe, na yule aliyeifuma hakuhitaji kuona uso. Nilimpiga Fanuel Kituyi mara moja. Hapana. Nitasema vile ilikuwa. Nilimpiga mara mbili, ya pili akiwa hasogei. Ya tatu nilikuwa nimeshainua mpini wakati Mama alimlalia, na sikuuzuia. Ya tatu ilimpata yeye, kifundo cha mkono wa kushoto. Nilisikia mfupa. Aliinua macho akaniangalia, na hakusema jina langu.

Hakuniita chumba cha nyuma. Nilingoja wiki ya kwanza, nikangoja mwezi. Macharia aliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema, "Huyo nitamngoja." Nilihama mashine ya unga, nikaingia redio, nikaoa, nikawa mzee wa kanisa. Nilikuwa napita dukani kununua sukari, ananipimia kwa ule mkono uliopinda, halafu ananiuliza, kila mara, kwa upole kabisa, "Ephantus, ile sweta bado unayo?" Na mimi nasema, "Bado, Mama." Anasema, "Haya." Miaka thelathini na zaidi. Sikuwa na ujasiri wa kusema neno la pili. Nilijiambia mimi ni mtu mwema, napiga wimbo wao redioni, nakumbusha watu. Nilikuwa mwoga. Nilikuwa mwoga na sauti nzuri.

Siku tatu kabla hajafariki, Warigia alikuja hapa studio na mfuko wa sufu. Akasema, "Cucu amesema hii ni yako." Ndani kulikuwa na kanda. Nilikaa nikaitazama peke yangu, kwa kiti, na chai, na mlango nikaufunga. Chai ilipoa. Nilipopata nguvu za kwenda Langas, ilikuwa Jumanne, na yeye alikuwa ameshamaliza uji wake. Nilichelewa kwa saa moja. Hilo nitalibeba mpaka kaburini.

Jana nilimpigia simu Nekoye kule Moi's Bridge. Mama yake hayuko tena, yeye ndiye mwenye shamba. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia nataka kuja kulima fungu langu. Nikamwambia nitanunua jembe jipya.

Akasema, "Mzee, hapo sasa si mambo ya jembe. Hapo hakuna mtu ameguza tangu nikiwa msichana. Ni msitu. Kuja na shoka."

Nitaenda kesho. Polisi nao wakitaka kuniuliza, wanajua studio iko wapi, na kanda iko mezani.

Kwa familia ya Loise Wacera, kwa Simeon, kwa Warigia na wajukuu wote: poleni sana. Mazishi ni Alhamisi, Langas, na nitavaa sweta. Kwa Nekoye na boma lote la Mama Nasambu: pole ambayo ilitakiwa ifike zamani. Nanyi wasikilizaji wapendwa, siku ikifika mkasikia yowe, tokeni. Msiache kutoka. Lakini yule mtu aliye chini akisema muulizeni fulani, basi mkamuulize. Ni hatua thelathini tu.

Huu hapa "Tokeni Nje", Simeon Gathogo kwenye kinanda, Fanuel Kituyi kwenye maneno. Katikati mtasikia kimya. Msipige simu, na msiipige redio kofi. Haijaharibika.